Bi Presha na Kidonge cha Asubuhi

Nesi huyu wodi nzima inamwita Bi Presha, na nusura nimvunjie mlango.

Sikia. Mama yangu aliacha kusema. Miezi miwili anatazama ukuta tu, hata uji mpaka umlishe. Mama yule yule aliyekuwa ananiambia "punguza sauti wewe!" mara kumi kwa siku! Dawa zikagoma, daktari akasema apigwe shoti ya umeme kichwani akiwa kalazwa usingizi. Shoti tano zikapita. Akaanza kushika kijiko mwenyewe, lakini neno, wapi! Asubuhi ile ilikuwa ya sita, na roho yangu yote ilikuwa hapo.

Bi Presha ni mfupi, raba nyeupe, saa inaning'inia kifuani. Miaka ishirini na mbili kazi yake chumba cha shoti ni presha na moyo. Mashine anayo, ila bado anakushika mkono na kuhesabu mapigo kwa midomo. Akampima mama. Akarudia.

"Mia mbili na kumi. Kidonge cha presha kameza saa ngapi?"

"Hajameza! Si mlisema asile wala asinywe?"

"Isipokuwa kidonge hicho na funda moja la maji. Nilikwambia jana, mwanangu."

Kweli aliniambia. Nilikuwa naitikia huku nachezea simu. Basi aibu ikanigeuka hasira.

"Mpigeni hivyo hivyo bwana!"

"We si fundi pikipiki? Injini imechemka, utavuta mafuta mpaka mwisho?"

"Itakufa hiyo."

"Haya. Shoti ikiingia, moyo unazubaa kidogo, halafu unatoka mbio kama umefukuzwa na mbwa, presha nayo inapanda juu ya hiyo uliyoniletea. Mshipa ukipasuka kichwani, utaniletea spana?"

Akampa mama kidonge, kisha akamfuata daktari: "Huyu asirudishwe nyumbani, awe wa mwisho."

Tukakaa kwenye benchi. Mia na tisini. Mia na sabini. Mia na hamsini na tano! Kila ikishuka narusha ngumi hewani kama tumefunga goli.

"Kaa chini, presha itakupanda wewe!"

Zamu yake ikafika, wakamwingiza ndani. Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Mama kalala, mpira katikati ya meno. Shoti! Vidole vya mguu vikatetemeka. Wote wanamtazama mama, Bi Presha macho kwenye mashine: "Mia na tisini na tano, moyo unakimbia, daktari." Daktari akasukuma sindano kwenye dripu. "Mia na sabini... sitini... ametulia."

Baadaye mama akafumbua macho. Sikungoja kuitwa, nikausukuma mlango nusura uvunjike, nikaingia mbio. "Mama! Mama! Ni mimi! Mama!"

Akakunja uso. Sauti kavu, ya kukwaruza.

"Punguza sauti wewe."

Nikapiga kelele jengo zima likasikia! Bi Presha akanitoa nje kwa sikio, mwenyewe anacheka, machozi yanamtiririka.