Kipande Chenye Tarehe

Wateja wa duka letu la dawa pale Magongo ni nadra kununua karatasi nzima ya vidonge. Husema, "Nikatie viwili," nasi tunakata kwa mkasi. Shida ni kwamba kiwanda hupiga tarehe ya mwisho ya dawa kwenye ncha moja tu. Chuoni nilifundishwa kuanzia upande wa pili, tarehe ibaki dukani hadi kidonge cha mwisho. Jambo hilo likaninyima usingizi. Kama tarehe ni ya duka, mteja ana nini?

Basi nilipoajiriwa tu nikabandika tangazo kwenye kaunta: USIMEZE DAWA USIYOIJUA TARHE YAKE. Herufi iliyonitoroka niliichomeka kwa kalamu, kisha nikamsomea kwa sauti kila aliyeingia, hata aliyekuja kuomba chenji.

Walinielewa kupita kiasi. Punde hakuna aliyetaka kipande cha katikati. "Nikatie penye tarehe, daktari." Mwenye kikohozi alitaka tarehe, mwenye jino alitaka tarehe, mama mmoja alirudisha plasta. Nikawa nakata ncha, nafungua karatasi nyingine, nakata ncha. Droo ikajaa vidonge vizima kabisa ambavyo, kwa tangazo langu mwenyewe, havikufaa kumezwa.

Mwenye duka, bi mkubwa wa ukoo wa wafanyabiashara wa tangu jadi, aliifungua droo, akaifunga polepole.

"Mwanangu, mayatima hawa ni wa nani?"

"Ni dawa nzuri, bibi, ila hazina tarehe."

"Wallahi, hata mimi sina cheti cha kuzaliwa na bado natembea. Hufungui karatasi mpya mpaka hizi ziishe."

Asubuhi hiyo hiyo akaingia mzee wa presha, kuli mstaafu wa bandarini, aliyenunua dawa zake kidogo kidogo. Nikampa kipande cha katikati. Akavaa miwani, akakigeuza huku na huku.

"Tarehe i wapi?"

"Iko kwenye boksi, mzee. Hii hapa."

"Kwani nameza boksi?" Akalinyoshea tangazo kidole. "Si wewe ulinisomea?"

Akatoka mikono mitupu. Nami nikaanza kumzika. Niliona presha ikipanda, nikaona matanga, nikajiona nimekaa mbele na tangazo langu mapajani. Nilijiuliza kama inafaa kwenda kumwamkia kwake, na nikimkuta hai nitasema nimefuata nini.

Kabla sijaamua, siku ya pili yake nikamwona akitoka duka la ng'ambo ya barabara, ambako vipande vya vidonge hukaa juani ndani ya chupa, kati ya biskuti na mafuta ya taa. Nikavuka mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tazama, mwenzio ana tarehe!"

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, mwaka wa mbali ajabu. Nikageuza kipande. Nyuma palibaki nusu ya jina.

"Mzee, hii ni dawa ya minyoo."

"Lakini tarehe yake si nzuri?"

Nilimrudisha dukani kwetu karibu kwa kumvuta shati. Nikachukua mayatima wake wa presha na boksi walimotoka, nikampa asome boksi mwenyewe, kisha nikanakili kwenye bahasha ndogo jina la dawa, namna ya kumeza, na tarehe.

"Mwakani tu?" akaguna. "Yule kanipa mpaka mjukuu wangu aoe. Ongeza kidogo."

"Siwezi, mzee."

"Hata miezi?"

"Hata siku moja."

Bi mkubwa aliinua macho. "Wasiopunguza nimewaona wengi. Asiyeongeza ndiyo kwanza huyu."

Mzee akaipima bahasha mkononi kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini. Mwishowe akaomba maji, akameza kimoja mbele yetu, akatia bahasha mfukoni.

"Haya. Ila kwa ubahili huu wa miaka, daktari, wateja watakukimbia."

Nikanyosha mkono kuomba ile ya minyoo nikaitupe. Akasita, kisha akaiweka juu ya kaunta, kidole kikiwa bado kimeikandamiza.

"Vidonge chukua," akasema. "Tarehe nikatie."

Nikachukua mkasi, nikamkatia.