Kiima cha Tembo wa Mloka

Mwalimu wangu wa Kiingereza alizaliwa Ikwiriri, katika familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Rufiji hasa. Walimu wenzake walihangaika kuhamia Dar. Yeye alibaki Kibiti kutufundisha sisi tulioogopa Kiingereza.

Kwetu ni Mloka, mbali na Kibiti, kwa hiyo nilikaa bweni. Nilipokuwa kidato cha pili, somo la kiima na kiarifu lilinishinda kabisa. Niliandika "Have eaten the maize" nikaona imetosha, maana kwetu "wamekula" tayari ina watu ndani yake. Sentensi ndefu nilizikata popote, nikimwomba Mungu.

Kisha tembo wakaingia shambani kwetu. Nilienda nyumbani kuokoa mahindi yaliyosalia, nikarudi sina hamu ya chochote. Mwalimu akaniita ubaoni. Nilidhani ataniadhibu kwa kukosa vipindi.

"Nyumbani kumetokea nini, mwanangu?"

"Wameharibu shamba, Madam."

"Nani?"

"Tembo."

"Tembo gani?"

"Wale waliovuka mto."

Akaandika: *The elephants that crossed the river destroyed our farm.* Akanipa chaki. "Tenga kiima na kiarifu."

Nikaona "crossed", nikajua hicho ndicho kitendo, nikataka kukata hapo. Hakunikatisha tamaa. Aliuliza tu, taratibu, "Kwani unatuambia habari ya kuvuka?"

Nikafikiri. "Hapana. Kuvuka kunaonyesha ni tembo gani. Habari yenyewe ni kuharibu shamba."

"Basi kata."

Nikapiga mstari kabla ya "destroyed". Darasa likapiga makofi, nami machozi yakanitoka mbele ya wote. Mwalimu alisimama kando yangu mpaka nilipotulia. Jumapili alinichukua kwake nikala chapati na mchuzi wa kuku, na hakugusia masomo hata kidogo. Alitaka kujua mama yangu anaendeleaje.

Tangu siku ile sikuogopa tena sentensi ya Kiingereza, hata iwe ndefu vipi. Sasa nafundisha shule ya msingi Mkongo. Juzi nilipita kumsalimia mwalimu, nikamkuta barazani na msichana mmoja aliyekuwa akihangaika na sentensi yake. Alinionyesha kiti kwa mkono, bila kumwondolea macho yule mtoto. Nikakaa, nikangoja, nikimtazama mwalimu wangu.