Tabitha na Kuku Wake Kumi na Wawili

Verlene Stukey alipoamua kuwasomesha wanawe nyumbani, hakutaka mtu aseme amefanya mchezo. Alinunua madawati matatu, ramani ya dunia na kengele ya shaba, akavipanga vyote sebuleni. Saa mbili kamili asubuhi kengele ililia. Sala, hesabu, sarufi, historia, hadi saa tisa mchana. Garth, mumewe, fundi wa matrekta huko kusini mwa Missouri, Marekani, alipita kwa kunyata akienda karakana, kama aliyechelewa shule.

Mama mkwe wake, Norma, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini, alikuja kutazama. Aliyaangalia madawati, akamwangalia Verlene. "Mwanangu," alisema, "ualimu haununuliwi dukani."

Kufikia Oktoba maneno yale yalikuwa yamegeuka mwiba. Mika, mwenye miaka kumi na mmoja, alinung'unika. Amos mdogo alikuwa amechora ng'ombe kwenye ramani. Lakini aliyemnyima mama yake usingizi ni Tabitha. Alikuwa na miaka tisa na hakuweza kusoma mstari mmoja. Akifunguliwa kitabu, midomo ilikauka na machozi yakaanza. Asubuhi moja alifunika uso kwa mikono akasema, "Mama, usihangaike. Mimi ni mjinga tu."

Verlene alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za nyuma, akalia. Kisha akampigia simu Ruthanne, mama wa watoto saba, aliyeongoza kundi la familia zilizosomesha watoto nyumbani, lililokutana kila Alhamisi katika chumba cha chini cha kanisa lao. "Jumatatu nawarudisha shule," alimwambia.

"Subiri basi nije ninywe kahawa kwanza," Ruthanne akajibu.

Alipofika na kuiona sebule, aliichukua ile kengele, akaitikisa mara moja, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mdogo wangu, umewatoa watoto shule, halafu umewaletea shule ndani."

"Sasa nifanyeje? Mama Norma anangoja nianguke."

"Mwache angoje. Wewe hukuitwa kumshinda Norma, umeitwa kuwalea hawa. Masomo ya kusoma, dakika kumi na tano, basi. Akianza kulia, funga kitabu. Wewe msomee kwa sauti, mikono yake ikiwa na kazi. Na huyu binti anapenda nini?"

Verlene alifikiri. "Kuku."

"Basi Mungu ameshakupa kitabu. Anzia hapo."

Madawati yalipelekwa ghalani. Siku ilianza sasa kwenye meza ya kula, Zaburi moja ikisomwa huku mkate wa mahindi ukipoa. Mika alijifunza hesabu za sehemu kwa vikombe vya unga na akapewa kazi ya kumfundisha Amos herufi. Kwa kufundisha, naye akatulia. Alasiri Verlene alisoma hadithi kwa sauti, Tabitha akipukuchua mahindi ya kuku.

Garth akatengeneza mashine ya kutotolesha mayai kwa sanduku la zamani na balbu. Kila yai Tabitha aliliandikia tarehe. Kila kifaranga alitaka kumpa jina, na jina lilipaswa kuandikwa: Ruthu, Debora, Hana. Mwezi wa pili kifaranga mmoja aliugua, na dawa yake ilikuwa imeandikwa kwenye kijitabu cha mfugaji. Mikono yote miwili ya Verlene ilikuwa imejaa unga. "Nisomee wewe," alisema, bila kugeuka. Kisha akasikia sauti ndogo ikikata neno vipande vipande, kama mtu anayevunja kuni, mpaka likakubali. Verlene aliogopa kuharibu. Aliendelea kukanda, machozi yakidondokea unga.

Agosti, Tabitha aliwapeleka kuku wake kumi na wawili kwenye maonyesho ya wilaya. Norma alikuja pia, akakaa mstari wa mbele, mkoba magotini. Mwamuzi, mzee mwenye kofia ya nyasi, aliwapapasa kuku mabawa, kisha akampa mtoto kadi. "Hapa pana habari za kuku mgonjwa. Soma kwa sauti, uniambie ungefanya nini."

Verlene alimshika Garth mkono kwa nguvu. Tabitha alianza vizuri, akajikwaa kwenye neno refu. Watu wakangoja. Aliweka kidole, akalikata mara tatu, akaliunga, akamaliza kadi nzima. Kisha akaeleza tiba, na akamsahihisha mwamuzi kuhusu maji ya kumnywesha kuku. Alipewa utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza.

Norma aliinuka polepole. "Nani amemfundisha kulikata neno hivyo?"

"Kuku wake, Mama. Mimi nilikaa karibu tu."

Norma alimgeukia mkwewe. "Walimu wengi hatukuweza hata kukaa karibu," alisema. Akafunga mkoba wake. "Jumanne huwa sina kazi. Na hesabu za Mika nimeziona. Kugawanya kwake hakufai."

"Njoo saa tatu, Mama. Kifungua kinywa kipo."

Walirudi nyumbani jua likiwaka, vizimba vimefungwa nyuma ya gari. Tabitha alisoma kila bango la njiani, la mbolea, la kanisa, la matairi, mpaka Mika akaziba masikio. "Mama, mwambie anyamaze."

"Sithubutu," alisema Verlene. "Endelea, binti yangu. Lile jekundu linasemaje?"