Sare za Wakunga wa Makeni

Yeabu Kargbo alikuwa amepakata sare kumi na mbili za wakunga, tayari kuzipeleka hospitali, alipoletewa habari kwamba fundi wake Sento amezaa sakafuni huko huko hospitali.

Polio ilimnyang'anya Yeabu miguu akiwa na miaka minne. Mikono ikabaki, na kwa mikono hiyo aliendesha kiti chake cha magurudumu, akazungusha cherehani, akaongoza chama cha wanawake wenye ulemavu pale mjini Makeni. Ofisi ya chama ilikuwa kibanda chake cha ushonaji. Mwanamke aliyekuja kulia kwamba kafukuzwa na mume, au kanyimwa meza sokoni, alipewa kwanza vifungo ashikize, ndipo asikilizwe. Mafundi watano walikula kwa kazi ile, na karibu kazi yote ilikuwa ya hospitali.

Sento alikuwa mmoja wao; mguu mmoja, magongo mawili. Kitanda cha leba kilimfika kifuani. Alipoomba ashikwe, mkunga kijana aitwaye Adama alimjibu mbele za watu, "Kitanda cha mwanamume ulikipanda bila kushikwa. Panda na hiki." Wenzake wakacheka. Mtoto akaangukia saruji. Alipona, lakini paji lake la uso lilivimba kama lililopachikwa yai.

Yeabu alifika hospitali jasho likimchuruzika. Metroni Sesay, aliyemjua miaka mingi, alimtazama usoni, akajua.

"Mama Yeabu, leo umeniletea sare au umeniletea chama?"

"Nimekuja mzima mzima, metroni. Sijui kujikata vipande."

Metroni akasema vitanda ni vya serikali, malalamiko yaandikwe barua. Yeabu akamkumbusha barua tatu walizokwisha kuandika. Adama akaitwa. Akasema alikuwa anatania tu.

"Basi rudia utani wako hapa," Yeabu akamwambia, "nami nicheke."

Metroni akanyoosha mkono apokee sare. Yeabu akageuza kiti, akarudi nazo.

Kibandani hakupokewa kishujaa. Mariatu, fundi mwenye watoto wanne, alimwambia waziwazi, "Wewe unakasirika, wanangu ndio wanalala njaa." Yeabu alijua ni kweli, na kule kujua kukamzidishia hasira. Wakabishana mchana kutwa, wali na kisamvu vikapoa sufuriani. Mwishowe Sento, aliyekwisha ruhusiwa kutoka hospitali, mtoto akinyonya, akasema sare zipelekwe, ila zipelekwe zikiwa zimevaliwa.

Jumatatu, siku ya kliniki, wanawake kumi na wawili wenye ulemavu walijipanga mlangoni pa wodi ya wazazi wamevaa sare mpya za wakunga. Wa magongo, wa viti, mmoja kipofu, na Mariatu naye, uso kaukunja. Wajawazito wakaanza kwa kucheka. Sento akawasimulia alivyozaa, neno kwa neno, na neno la Adama hakuliruka. Kicheko kikakatika. Mama mmoja mwenye mimba kubwa, mzima wa viungo, akasema yeye naye alizabwa kofi kwenye kitanda kile kile, akaketi nao. Wengine wakamfuata. Hadi adhuhuri daktari mkuu alikuwa ametoka nje, na redio ya mji imekwisha fika.

Kitanda kifupi kililetwa baada ya wiki tatu. Adama alihamishiwa mji mwingine, kana kwamba huko wanawake hawazai. Zabuni ya sare akapewa fundi mwingine, bila barua, bila sababu. Mariatu alikwenda kumfanyia kazi fundi huyo, na Yeabu hakumlaumu, ingawa moyo ulimuuma. Waliobaki wakashika sare za shule, malipo nusu ya yale ya kwanza.

Siku ya kuzindua kitanda, Yeabu alialikwa ashukuru. Wakubwa walikuwa jukwaani, na jukwaa lilikuwa na ngazi tano. Vijana wawili wakamjia wambebe.

"Acheni," akawaambia. "Mimi si gunia."

Akadai kipaza sauti kishushwe chini, na kikashushwa. Hakushukuru. Aliuliza choo cha wodi ile kitapanuliwa mlango lini, maana kiti hakipiti. Mkubwa mmoja akacheka kidogo, akasema leo ni siku ya furaha, Mama.

"Yenu," akasema Yeabu, na akaliuliza swali lile lile tena.