Saar ya Habaryar Halimo

Nilipokuwa mtoto tuliishi Griftu, ndani ya uzio wa miiba. Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, na wanajeshi walikuwa wametukusanya humo sisi Wasomali ili wapiganaji hao wasipate chakula kwetu. Mambo mawili yalinifanya nijifunike gubigubi: bunduki na saar, pepo ampandaye mtu akasema kwa kinywa chake.

Habaryar Halimo, mdogo wake mama, ndiye aliyenisuka nywele. Mumewe alitoka kutafuta ngamia waliopotea. Tulisikia milio ya risasi, naye hakurudi. Halimo hakulia. Alinyamaza tu, siku baada ya siku, hata adhuhuri moja, kwenye foleni ya maji, akaanguka. Alitetemeka, macho yamegeuka meupe, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kiume, ikinguruma kwa lugha tusiyoijua. Nilijikojolea pale pale niliposimama.

Askari akaja mbio, bunduki mbele.

"Anamwita nani huyu? Anawapa shifta ishara?"

Ayeeyo, nyanya yangu, alikuwa na Kiswahili kidogo cha sokoni, kisichojua p wala v. Akajiweka kati ya bunduki na binti yake.

"Bole, afande. Hii si shifta. Hii saar."

"Saar ni nini? Sema upesi!"

Neno likamkosa. Ghafla akaninyakua, akanipandisha mgongoni. Mdomo wa bunduki ukawa mbele ya uso wangu. Nikafumba macho.

"Saar," akasema, ameinama kwa uzito wangu. "Hifi. Kitu nabanda juu ya mtu."

Kisha nikamsikia askari akiuliza polepole, "Amepandisha pepo?"

Akashusha bunduki.

"Kwetu pwani shangazi yangu hupandisha. Mpelekeni kivulini. Lakini msipige ngoma, mkubwa atasikia."

Wanawake wakamzunguka Halimo, wakapiga makofi taratibu, wakiimba chini chini, mpaka akalala. Mumewe hakuonekana tena. Saar ilimrudia maisha yake yote.

Nimewasikia wasomi wakibishana: neno hilo limetoka Uhabeshi, wengine wasema Uarabuni. Huenda. Ila kwa Kisomali, saar pia ni kuweka kitu juu ya kingine, kama mzigo juu ya ngamia, na hiyo ndiyo maana aliyoijua ayeeyo.

Utotoni niliogopa pepo. Siku hizi kinachonitisha ni kwamba karibu kila nyumba mle uzioni ilikuwa na mtu wake aliyepotea, na ni Halimo peke yake aliyepiga kelele.