King'ora Kilichoelekea Mlimani

Nimezaliwa Lemara, na tangu utoto wangu Mlima Meru ulikuwa kaskazini. Hata ukifunikwa na mawingu, unajua tu uko wapi. Kwa hiyo mkufunzi wetu wa ramani, mwanajeshi mstaafu, alipotugawia dira sisi wahudumu wa magari ya wagonjwa, mimi nilicheka.

"Afande, sisi wa Arusha dira yetu ni ile pale," nikamwonyesha mlima dirishani.

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliniambia niiweke dira yangu kwenye begi la dawa, ikae humo. Niliiweka ikiwa bado kwenye nailoni yake.

Miezi michache baadaye simu iliingia, saa nne asubuhi. Mama mmoja wa upande wa Oldonyo Sambu alikuwa analia. Watu wamemkamata mwanawe, wanasema kaiba mbuzi. "Wanamuua! Njooni, wanamuua!" Nyuma ya sauti yake nilisikia fimbo zikitua mwilini, na mwanamume mzima akilia kama mtoto. Mama akataja kitongoji, kisha simu ikakatika.

Tulitoka mbio, mimi na dereva wetu, mzee mmoja wa Kilimanjaro aliyekaribia kustaafu. Pale Sakina mabasi yalitupisha shingo upande, nami nikayatukana yote kupitia dirishani. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Tukafuata barabara ya Nairobi, tukauzunguka mlima, tukaingia njia ya vumbi. Mtandao ukapotea, nikafungua ramani ya karatasi. Kitongoji kilikuwa kilomita mbili baada ya njia panda, kwenye njia inayokwenda kaskazini.

Njia panda tukaifikia. Njia moja ilipanda mlimani, nyingine ilishuka tambarare.

"Kaskazini ni kule," nikanyoosha kidole mlimani.

Mzee akapunguza mwendo. "Sista, mlima tumeshauzunguka. Kwa huku kaskazini ni huko chini."

"Mzee, mtu anauawa, wewe unanifundisha mlima? Panda!" Nikapiga ngumi dashibodi. Akapanda.

Tulipanda dakika kumi nzima, king'ora kikilia, mpaka njia ikaishia kwenye shamba la viazi. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Nilichana ile nailoni kwa meno, nikaweka dira juu ya ramani. Sindano ikazunguka, ikatulia ikiwa imeupa mlima mgongo. Nilijitukana kwa sauti. Mzee alikuwa ameshaanza kugeuza gari.

Tulimkuta amelala chali kando ya zizi, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Sikio moja lilikuwa limechanika, taya limehama, na mfupa juu ya jicho ulikuwa umebonyea ndani. Nikatafuta mshipa wa shingo. Nikatafuta tena. Haukuwa unapiga, ingawa ngozi ilikuwa bado na joto.

Wanaume saba au wanane walikuwa wamesimama hatua chache kutoka pale, wanahema. Mmoja akaniambia, "Mwizi huyo, sista. Usijisumbue."

Fimbo yake ilikuwa na nywele zilizogandamana na damu. Niliipokonya, nikampiga nayo mdomoni. Alipoinama nikampiga mgongoni, nikampiga tena, na tena. Nilitaka afe, sina neno lingine la kulisema hilo. Wenzake walirudi nyuma. Mzee alinikumbatia kutoka nyuma akanibana mikono.

"Basi, mwanangu. Basi."

Nilipiga magoti mbele ya yule mama. "Shikamoo mama," nikasema, kwa kuwa sikupata neno jingine.

"Tuliwasikia," alisema. "King'ora kilipofika njia panda, hawa wote walikimbia. Walidhani polisi. Nikamkalisha mwanangu, akanywa maji. Akaniambia, mama, wamefika. Halafu tukasikia mnakwenda mlimani. Na hawa nao wakasikia."

Nikatoa bandeji nikamfunga kichwa mwanawe, mtu ambaye ameshakufa, nikamfunga taratibu na vizuri kama tulivyofundishwa, kwa sababu mama yake alikuwa anatazama.

Nilipomaliza aliniuliza, bila ukali wowote, kule juu tulikwenda kwa nani.

Kule juu kulikuwa na viazi tu.