Rula ya Mama Vipimo

Usiku ule Mama Vipimo hakupanda kitandani. Alikiburuta kigoda cha cherehani hadi mbele ya mlango wa bintiye, akakaa na rula yake ya mbao mapajani. Matokeo ya mtihani wa mwisho yangetoka wakati wowote kabla ya mapambazuko. Simu ilikuwa na binti, na binti alikuwa amejifungia kwa komeo.

"Hata matokeo ananifungia," alinung'unika. Kwa hasira akaigonga rula gotini.

Hii ilikuwa mara ya pili kuufanya. Mwaka uliotangulia binti alianguka, na si kwa uvivu. Kila jioni mama alimketisha kando ya cherehani, akashika daftari, akafuata mistari kwa kidole. Mama mwenyewe shule aliiacha mapema. Maana ya mengi hakuijua, lakini maneno aliyaona. Neno likirukwa, rula iligonga meza, na binti akarudia tangu mwanzo. Mwishowe akawa anaimwaga sura nzima bila kupepesa, na mama akawatambia wateja kwamba mwanawe ana kichwa chepesi.

Siku ya mtihani maswali yalikuja kichwa chini miguu juu. Binti hakujua kuingilia katikati. Kila jibu ilimbidi alianzie mstari wa kwanza, na saa haikumngoja. Matokeo yalipotoka mama alimfokea mbele ya wifi yake. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, ulinifundisha kuimba. Kujibu hukunifundisha." Tangu siku hiyo mlango ukatiwa komeo.

Mwaka mzima mama alichungulia kwenye tundu la ufunguo, na alichokiona kilimchemsha damu. Daftari limefungwa, binti amesimama mbele ya lile sanamu bovu la kujaribishia magauni, analieleza namna damu inavyozunguka mwilini. Akikwama anakuna kichwa, wala hafungui daftari mpaka ameshindwa kabisa. Kesho yake anajiuliza tena. Baada ya siku tatu, tena. Baada ya wiki, mama akidhani somo limeshazikwa, linafufuliwa, safari hii kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wifi alicheka, akasema angalau mwanafunzi yule hapigi kelele darasani. Mama hakucheka. Kusoma gani huku bila kitabu?

Sasa, pale kigodani, alianza kutaja vipimo vya wateja ili asisinzie: bega la mke wa mwashi, kiuno cha mwuguzi, mkono wa mwenye duka. Vyote vilikuwa kichwani. Ndiyo maana akapewa jina hilo. Ndipo akakumbuka alivyovipata. Fundi aliyemfunza kazi alikuwa akimnyang'anya daftari akishapima, anamtuma maji, na akirudi anamwuliza kiuno kilikuwa ngapi. Akikosea aliachwa afikiri kwanza, ndipo aonyeshwe.

Hasira ikageuka kama sindano, ikamchoma aliyeishika. Njia aliijua. Aliijua tangu usichana wake, lakini kwa mwanawe akatumia rula.

Mwanga ulipoanza kupenya chini ya mlango, simu ililia mara moja ndani. Mama akangoja. Komeo halikusogea.  

"Mwanangu," alisema, sauti ikikwaruza, "mwaka jana hukuanguka wewe. Nilikuangusha mimi."

Kitanda kikalalamika, nyayo zikasogea.

"Rula unayo?" binti aliuliza.

"Ninayo."

"Ipitishe chini ya mlango."

Aliisukuma. Ikavutwa upande wa pili, ikatoweka. Kisha komeo likasogezwa na mlango ukafunguka. Binti alisimama na simu mkono mmoja, rula mkono wa pili, macho mekundu lakini makavu.

"Nimefaulu, mama," alisema. "Lakini rula hii hupewi tena."